Bango Lililopimwa kwa Macho ya Mama

Kaka yangu hakuwahi kupima mwanga wa bango kwa kifaa. Alipima kwa Mama. Tukimaliza kuunda bango, alilibeba mpaka ng'ambo ya njia, akaliegemeza kwenye ukuta wa msikiti, akachomeka waya kwenye umeme wao, maana imamu alishatuzoea, kisha akarudi barazani kwetu alipokaa Mama akisuka ukili wake wa mikeka.

"Mama, linasema nini lile?"

Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na habari za hospitali hataki kuzisikia. Anakunja uso, anatazama. Akisema, "Naona wekundu tu, mwanangu," kaka anavuka tena kwenda kuongeza mwanga. Akizisoma namba zote bila kubahatisha, bango limefaulu, linafungwa kwenye boksi kwenda kwa mteja.

Mabango yetu yalikuwa ya viwandani: namba kubwa nyekundu za taa ndogondogo, zinazoonyesha uzito wa magunia kwenye mashamba ya chumvi, ubaridi wa chumba cha samaki, au lori lipi lipande kwenye mzani. Karakana ilikuwa chumba cha uani, hapahapa mtaani kwetu Dunda. Kaka alikata mabati na vioo, mimi nikalehemu. Wapita njia walikuwa wakichungulia dirishani na kuniuliza kama nimekosa mume mpaka nikaolewa na chuma cha lehemu. Niliwajibu kwamba chuma cha lehemu kikipoa ukikichomeka kinapata moto tena, wao je? Basi wanacheka, wanakwenda zao.

Nyuma ya kila bango palikuwa na kitufe cha kuzungusha, cha kuongeza na kupunguza mwanga. Zile safari za kuvuka njia ziliponichosha, nilichukua rangi yangu ya kucha nikatia nukta pale ambapo Mama huanza kusoma. Tangu siku hiyo mahali pale tukapaita "kwa Mama". Ukisema, "Limefika kwa Mama?" sote wawili tunajua swali ni la nini. Hata alipofariki, Mungu amrehemu, mabango yaliendelea kutoka karakana yakiwa yamewekwa kwa Mama. Hatukuwahi kulizungumza, mkono wa kaka ulikwenda wenyewe kwenye nukta.

Kisha zikaja kanuni. Watengenezaji wote wa mabango ya viwandani tulitakiwa tupunguze umeme yanaokula: bango lipunguze mwanga lenyewe pakiwa na giza, lilale pasipo na kazi, na lisipite kiwango kilichowekwa. Sampuli ikapimwe maabara, ikifaulu upewe lebo ya kubandika. Sisi tungeweza kujifanya hatujasikia, kama walivyofanya wengi, ila ghala moja la samaki lilitaka mabango ya vyumba vyake vyote, na meneja wake alisema waziwazi kwamba pasipo lebo hapana kazi. Hatukuwahi kupata kazi kubwa namna ile. Kwa hali tuliyokuwa nayo, tukiipata karakana inasimama, tukiikosa tunafunga mlango.

Nilimsomea kaka zile kanuni mwanzo mpaka mwisho, yeye akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Yaani wanataka bango lilale?"

"Lilale pasipo na mtu, kaka. Likiwa na kazi linaamka."

"Na jioni lififie."

"Jioni halina haja ya kuwaka kama saa sita mchana."

"Kanuni hiyo imeandikwa na watu wenye macho ya ujana, bibie."

Tulibishana siku kadhaa. Mimi nilikuwa upande wa kanuni na mpaka leo niko huko. Mabango yetu yalikula umeme kama karamu ya bure. Mlinzi wa mashamba ya chumvi alikuwa akilifunika la kwake kwa shuka ili apate usingizi, kwa hiyo mwanga wote ule ulikuwa unalipiwa kumulika shuka. Nilimweleza kaka hayo, akacheka mpaka akatokwa machozi, kisha akakubali. Na alipokubali alifanya kazi kwa moyo mmoja. Alitengeneza kijicho cha kuhisi mwanga, akakitobolea tundu mahali pasipoonekana, na bango likawa linalala na kuamka vizuri kabisa. Lililobaki lilikuwa kushusha kile kitufe mpaka chini ya nukta. Nilikishusha mwenyewe, nikalipima bango kwa mita ya umeme, likawa ndani ya kiwango.

Siku ya mkaguzi kuja kuchukua sampuli mimi nilikuwa Saadani, mume wa shangazi yetu alikuwa amefariki. Nilipiga simu kutoka matangani.

"Kijana ana adabu sana," kaka akaniambia. "Kaingia na shikamoo, kavua viatu mlangoni. Nimempikia mtu wali wa nazi na samaki, na madafu ya njiani nimempa."

"Na bango?"

"Kalisifu! Kasema katika yote aliyochukua, halipo linalowaka kama letu."

Nikamshukuru Mungu. Sauti ya kaka ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu tumzike Mama, nami sikuuliza zaidi.

Majibu yalipotoka mkaguzi alinipigia mwenyewe, na nadhani alikuwa akiona haya kwa sababu ya ule wali.

"Dada, bango lenu ni zuri, kazi safi. Lakini limepita kiwango, tena si kwa kidogo."

"Haiwezekani. Mwanga niliushusha kwa mkono wangu."

"Sisi tunalipima lilivyotufikia. Jinsi lilivyotoka karakana ndivyo litakavyomfikia mteja."

Nilimkuta kaka uani anakata bati. Nilipomuuliza hakuzungusha maneno, wala hakuona kama kuna cha kuficha.

"Mgeni katoka Dar na jua lote lile, anakuja kwetu kutazama kazi yetu, nimpe bango limefifia? Nikalirudisha kwa Mama."

Ningemkasirikia angekuwa mtu mwingine. Huku kwetu mgeni hapewi kilichobaki chini ya sufuria, anapewa cha juu, hata kama wenyeji watalala na chai. Kaka alimpa mtu wa maabara mwanga wa juu kama alivyompa kichwa cha samaki. Nilikaa kwenye ile ndoo nikashindwa kuamua nilie au nicheke.

Kanuni ziliruhusu tupeleke sampuli nyingine. Ghala la samaki halikuweza kusubiri, lilinunua mabango ya nje yenye lebo, lakini wateja wengine wangekuja. Nilimsihi kaka turudi maabara. Akaleta bango jipya, akalipeleka ng'ambo kwenye ukuta wa msikiti kama zamani, na mimi nikashusha mwanga mpaka ndani ya kiwango. Yeye alikwenda barazani akakaa mahali pa Mama. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hapa asingesoma," akasema.

"Wateja wanasoma, kaka."

"Najua wanasoma."

Hakusema kwa hasira. Alisimama, akaweka bisibisi kwenye mkebe wake, na hakuitoa tena. Baadaye alihamia Ubena kwa wakwe zake, akafungua kibanda kando ya barabara kuu cha kutengeneza simu na sola. Nilijua si ukaidi. Kazi ile alikuwa akimfanyia mtu mmoja, wateja wengine wote walikuwa wakifaidi tu, na kanuni ndiyo iliyomwambia kwamba mtu huyo hayupo tena. Roho inaniuma kwamba alilazimika kuambiwa na maabara. Namkumbuka kila ninaposikia mtu akikata bati.

Karakana nimeigeuza stoo. Siku hizi nafunga mabango yanayotoka nje, yenye lebo, na kazi inakwenda. Mwaka huu kamati ya msikiti iliniomba niwafungie bango la nyakati za swala, nami nililiweka kwenye ukuta uleule, likitazama baraza yetu. Ni bango zuri. Halipotezi umeme, jua likishuka nalo linashusha mwanga wake taratibu, na imamu anasema bili ya umeme haimtishi tena.

Kaka alikuja Idi. Tulikula, tukazungumza habari za watoto, na jua lilipoanza kuzama akatoka kukaa barazani, mahali palepale. Nilikuwa nampelekea kahawa nilipomwona amekunja uso, shingo mbele, anatazama ng'ambo.

"Lile limezimika?"

"Halijazimika, kaka. Linawaka."

Alitazama tena. Ndipo nikayaona macho yake, ule ukungu mweupe katikati.

"Naona wekundu tu," akasema.

Niliweka kahawa chini, nikavuka njia, nikaazima ngazi ya msikiti. Nilipapasa nyuma ya bango nikitafuta kitufe, ingawa nililifunga mwenyewe na nilijua jinsi lilivyo. Nyuma limezibwa kiwandani, bati tupu, hapana pa kuzungusha. Kwa hiyo nikageuka palepale juu ya ngazi nikamsomea kwa sauti, namba moja moja, mpaka akanipungia mkono kwamba amesikia.