Gorfa Isiyoonja Maziwa

Mwezi uliopita nilipeleka mikeka kwenye hoteli mpya hapa mjini Isiolo. Nikainua macho, nikaiona gorfa yangu niliyoiuza zamani inaning'inia darini. Wameitoboa kitako, wakapitisha waya, wakatia balbu ndani. Wageni walikuwa wanaipiga picha. Nikasema ni kazi ya mikono yangu. "Mama, kumbe fundi ni wewe? Aki una kipaji," mwenye hoteli akaniambia, akaagiza nyingine, ila safari hii nimletee ikiwa na tundu tayari. Nikasema asante.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana hata wanangu hawajui. Gorfa ni chombo cha maziwa, sisi Waborana tunakisuka kwa mizizi, mshono juu ya mshono, mpaka maji hayapiti. Nilikulia Gotu kwa nyanya yangu, tuliyemwita akko. Kazi yangu ilikuwa kuloweka mizizi na kuikwangua ganda, vidole vikageuka rangi ya chai. Jioni ng'ombe wakirudi, vumbi na kengele zikitangulia, akko alitia kijinga cha moto ndani ya gorfa, akafunika, kisha akakitoa na kumimina maziwa, na ule moshi ukayaingia. Sijanywa tena kitu kitamu namna ile.

Akko hakusifu kazi ya mtu kwa macho. Jirani angeleta gorfa yake mpya, imepambwa kama bibi harusi, naye angesema tu, "Gorfa haijisifu. Ngoja inywe maziwa." Ilijazwa, ikalala, na asubuhi wanawake walipitisha kiganja chini ya kitako. Kiganja kikitoka kikavu, aliyeisuka aliitwa fundi. Ikivuja, alirudi kwa mizizi yake, na midomo ya wanawake wa Gotu, wacha tu.

Yangu ya kwanza niliimaliza kiangazi ambacho ng'ombe waliisha. Mvua ilikataa, ikakataa tena. Walioanguka tuliwainua kwa mikia mpaka tukachoka kuwainua. Akko aliipokea gorfa yangu, akaigeuza huku na huku, akaiweka chini. Maziwa hayakuwepo. "Tungoje mvua," akasema. Alizikwa kabla haijanyesha, nami nikahamia mtaa wa Kiwanjani, hapa Isiolo, bila kujua kama mimi ni fundi au najidanganya.

Tangu hapo nimesuka nyingi, zote za kutundikwa ukutani. Watu wanasifu, na sifa zao zinaniuma, kwa sababu hakuna aliyewahi kupitisha kiganja.

Hii aliyoagiza mwenye hoteli nilipoimaliza, roho ilikataa kuitoboa kabla haijanywa maziwa. Nikaifukiza, nikanunua maziwa ya paketi dukani, nikamimina, nikaiacha ilale. Asubuhi nikapitisha kiganja. Kikavu kabisa. Nikawaita watoto, nikawamiminia. Kifungua mimba wangu akaonja, akarudisha kikombe mezani.

"Mama, hii maziwa inanuka moshi."

Wadogo zake wakakataa hata kuonja. Miaka yote nimewalilia ng'ombe, nimemlilia akko. Sikujua kwamba na ulimi nao ungeisha. Niliyanywa yote peke yangu, mpaka tumbo likauma. Kisha nikaiosha gorfa, nikaianika, nikapasha msumari moto, nikaitoboa, nikapeleka.

Mimi ni fundi. Sasa najua, na hakuna mtu aliyebaki wa kumwambia.