Kikombe Chenye Mdomo wa Bata

Jumamosi, 8 Novemba. Mvua asubuhi, jua kidogo, mvua tena. Nguo za mtoto ziko kwenye kamba tangu juzi, hazijakauka.

Niandike mambo yalivyokuwa, hata kama yananiumbua. Wiki mbili zilizopita mama mkwe alikuja kutoka Masaka kunisaidia kulea mtoto, wa mwaka na nusu, akaleta na unga wake wa mtama. Siku chache baadaye mtoto akaanza kuharisha. Kituo cha afya walisema anywe kwa wingi. Mimi nikasema, mbele ya mume wangu, kwamba labda uji wa Mama unachacha. Nilisema "labda". Ila hiyo "labda" sikuitamka kwa nguvu.

Leo asubuhi nikamkuta amefunga mfuko wake.

"Mama, unaenda wapi na mvua hii?"

"Kwangu. Kule uji wangu haujaua mtu."

Haki yake nimpe. Kwetu anayetoa kinywaji hutangulia kukionja, ili anayepokea asiwe na wasiwasi. Kila siku alichota uji sufuriani kwa kijiko, akanitazama, akameza. Mimi sikuwahi kuonja.

Nikamsihi abaki. Akaweka mfuko chini, lakini hakuufungua.

"Basi leo onja wewe. Tena siyo kwa kijiko. Kunywa kama mjukuu wangu anavyokunywa."

Akanipa kikombe cha mtoto. Ni cha plastiki, mfuniko wake una mdomo kama wa bata, na ndani yake kizibo cha mpira cha kuzuia kumwagika. Nilikinunua mwenyewe dukani Gisimenti, nikakisifu kwa majirani wote. Nikavuta. Uji mtamu kabisa. Halafu nyuma yake ikaja ladha ya soksi iliyosahauliwa chini ya kitanda.

"Mbona unakunja uso? Ni uji wangu?"

"Siyo uji, Mama."

Nikang'oa kile kizibo kwa pini ya nywele. Miezi mitano nimekiosha kwa juu juu, sikujua hata kama kinatoka. Chini yake kulikuwa na ukungu mweusi, una manyoya.

Mama akausogeza karibu na dirisha, autazame vizuri. Hakuwa na haraka.

"Enhe! Na huu pia nilikuja nao kutoka Masaka?"

Sijui kama ukungu ndio uliomharisha mtoto. Mimi si daktari, na wiki hiyohiyo alilamba kandambili ya baba yake. Lakini yale maji mengi tuliyoambiwa, nilimpa kwa kikombe hichohicho.

Mume wangu aliporudi nilimweleza yote, nikiwa nimesimama palepale niliposimama siku ile, Mama akisikia. "Labda" sikuitumia. Ndipo Mama akafungua mfuko, akatoa kitenge chake, akajifunga, akaingia jikoni.

Jioni tulikula ndizi za kupika, maharage na dodo, ule mchicha wa kwetu. Mama hakugusa sahani yake mpaka nilipoonja kila sufuria, hata ya maji ya moto. Mtoto alikunywa uji kwa kikombe cha bati kisicho na mfuniko, nusu ukaishia kifuani. Mimi nilipewa uji mabakuli mawili, nikayamaliza.