Shamim Hakuleta Virusi Hapa Nateete

Tangu Ijumaa nakataa kuamini. Nakaa, nasimama, nafagia ua niliokwisha kuufagia.

Shamim, mpangaji wangu, ameondoka duniani. Pumu. Naandika tena kwa wenye vichwa vigumu: PUMU.

Alikuwa msomi wa maabara na hawezi kukaanga mandazi bila kuyaunguza. Nilimwambia hivyo kila Jumapili. Anacheka, anayala.

Mimi shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sikuacha. Nilimuuliza kazi yake hasa ni nini. Akafungua laptop, nikaona kitu cha rangi rangi kimejikunja kama uzi uliovurugika. Akasema hiyo ni protini ya virusi.

Nilikuwa nasuka tabaga, kile kifuniko cha sinia cha sisi Wanubi. Akachukua mkasi wangu. Akaniambia virusi navyo vina mkasi wao. Vikiingia mwilini, mwili unavitengenezea uzi mrefu wa protini, halafu mkasi unaukata vipande vya kujengea virusi vipya.

Akabana kijiti kigumu katikati ya mkasi, akaniambia nikate. Nikashindwa.

"Dawa ndiyo hicho kijiti, Jajja," akasema, maana mimi aliniita bibi yake. "Lakini huwezi kukichonga kikae vizuri kama hujui umbo la mdomo wa mkasi."

Hilo umbo ndilo alikuwa analichunguza. Kwenye kompyuta! Picha inamwambukiza nani?

Siku ya mazishi mama yake alifika kutoka Arua. Maji tayari, sanda tayari, na wanawake wa mtaa wamesimama nje ya geti. Wengine watoto wao walifundishwa hesabu na Shamim, bure.

Mmoja, unajijua, ukasema, "Huyo alikuwa anachezea virusi. Mimi nina watoto."

Mama wa watu alisikia.

Tukamwosha sisi wawili tu, mama yake na mimi mwenye goti bovu. Mama yake anamwaga maji, ananiuliza polepole mwanawe aliwakosea nini. Swali hilo ndilo linalonifanya nisitulie.

Ijumaa hii dua ni hapa kwangu. Mama yake bado yupo. Njooni mkae karibu naye, mle naye sinia moja. Asiyekuja asiniombe chumvi tena.

Shamim mwanangu, wenzako wa maabara wamepiga simu, kazi wanaendelea nayo. Wewe pumzika, kifua hakikubani tena. Nimekuosha kwa mikono yangu, na mle chumbani hakuna aliyekuogopa. Lala salama, binti.