Kichwa cha Gunia

Asubuhi ile nilikuwa naondoka kwa dada bila kujua ninakwenda wapi. Kwangu si jambo geni. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kufunga begi. Nimepanga nyanya kwenye matenga Ilula, nimewapikia vibarua Mgololo, nimechuma chai, nimeuza mitumba kwenye minada. Mahali pakishanizoea, miguu inaanza kuniwasha. Lakini kwa dada, kwenye vilima vya viazi juu ya Mbeya, nilikuwa nimekaa kuliko kawaida yangu, na kilichonikalisha ni hesabu.

Dada alinikuta mlangoni, begi begani.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Nitajua nikifika Uyole."

"Basi kama hujui, anzia Iringa. Mpeleke mtoto."

Mtoto mwenyewe, binti yake wa kidato cha tatu, alikuwa amesimama nyuma yake na sare iliyopigwa pasi, macho yamemvimba. Alikuwa anakwenda kwenye mashindano ya hesabu ya wanafunzi. Shuleni kwao ni yeye peke yake aliyevuka mchujo wa Mbeya mjini. Mwalimu wa kike aliyepangwa kumsindikiza alikuwa amepiga simu alfajiri kwamba ameuguliwa na mama yake, na waandaaji walitaka kila msichana aje na mtu mzima wa kike. Dada alikuwa na vibarua shambani, na Fuso la kupakia viazi lilikuwa njiani.

"Mimi niliishia kidato cha pili," nikasema. "Nitamsindikiza kama nani?"

"Kama mama yake mdogo. Kwani kuna mtihani wa wasindikizaji?"

Binti akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na safari yangu ikapata jina.

Niseme kwanza hesabu ilivyonikalisha. Mwalimu wake wa hesabu alikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine. Alikuwa akiwaambia kwamba swali ukishapata jibu hujalimaliza, mpaka ulieleze kwa mtu asiyejua, na huyo mtu akuelewe. Pale nyumbani mama yake hakuwa na muda, na baba yake, shemeji yangu, akishakula alikuwa anasinzia na kijiko mkononi. Asiyejua mwenye nafasi nikabaki mimi.

Siku moja tunamenya viazi jikoni, akaniambia, "Mamdogo, weka kimoja hapo chini."

Nikaweka.

"Sasa chukua vitatu, kizungushie upande mmoja na juu."

"Vimekuwa vinne."

"Umbo gani?"

"Mraba."

"Haya, ongeza vitano vilevile, pembeni na juu."

Nikaongeza. Vikawa tisa, mraba tena. Saba, mraba. Nikaanza kuvitoa ambavyo havijamenywa kwenye ndoo, na kila nilipoongeza namba witiri inayofuata mraba ulikuwa unakua bila kuharibika pembe.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Wewe ndiye uniambie."

Nilichuchumaa pale mpaka nikaona. Ukitaka kuukuza mraba unaongeza mstari pembeni na mstari juu, halafu kimoja cha kuziba kona, na hicho cha kona ndicho kinachofanya idadi iwe witiri siku zote. Nilipokiona kile kiazi cha kona nilihisi kitu kifuani, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Dada akaingia kutaka viazi vyake. "Mnapika au mnacheza?" Wote wawili tukamwambia asivishike.

Nilipokuwa shule nilikuwa nauliza "kwa nini" mpaka darasa linaguna, na jibu lilikuwa lilelile: utaelewa mbele ya safari. Nikatoka nikaenda hiyo safari. Nimefika mbali, lakini kile kiazi cha kona sikukikuta huko, nilikikuta jikoni kwa dada.

Ndani ya basi, tulipokwisha kupita Makambako, binti aliniambia lililokuwa linamtoa machozi. Wachache watakaofanya vizuri Iringa wangechukuliwa kambi ya likizo iliyokuwa inaanza wiki ileile, kufundishwa na watu ambao kazi yao ni hiyo tu. Mwalimu wake alikuwa amemwambia wazi, bila aibu, kwamba yeye amemfundisha vyote alivyonavyo, na zaidi ya hapo atakuwa anamrudisha nyuma. Na baba yake, aliyekuwa amemwachia Jumamosi zote za muhula ule asome badala ya kwenda shamba, alikuwa amemwambia: "Wakikuchukua, nenda. Wasipokuchukua, Jumamosi zinarudi shambani, na likizo pia."

"Amesema kwa hasira?"

"Hapana. Amesema vizuri tu. Ndiyo maana nimelia."

Nilimwelewa shemeji. Mvua za milima ile hazimpi mtu nafasi, na mikono pale nyumbani ni michache. Lakini nilimwelewa na mtoto. Tukatazama miti ya Mufindi inavyojipanga mistari na kupita.

Iringa tulilala kwenye bweni la shule iliyokuwa mwenyeji, na kesho yake asubuhi wakaingia ukumbini kufanya karatasi. Sisi wasindikizaji tulikaa nje kwenye ngazi, upepo unatupiga. Mama mmoja wa Kihehe aliyekuwa anafuma sweta alisogeza kikapu chake nikae.

"Kamwene."

"Kamwene, mama."

"Wako yumo humo?"

"Wa dada yangu."

"Wangu hajala vizuri tangu juzi. Nikasema malaria hii, nikampeleka kupima. Daktari ananiambia hana kitu. Nikamuuliza mtoto, unaumwa nini? Ananiambia, mama, kuna swali." Akavuta uzi. "Swali! Mimi nimempandisha bodaboda na blanketi kwa ajili ya swali."

Tulicheka, kisha tukageuka kuutazama mlango wa ukumbi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na wake humo ndani.

Mchana walisoma majina ya wanaoendelea na duru ya mwisho, ya kujibu ubaoni mbele ya watu, na binti yetu alikuwemo. Tuliruhusiwa kuingia, tukakaa nyuma. Kila mshindani alikuwa anapewa maswali manne na muda mmoja kwa yote. Mezani walikaa waamuzi watatu: wanaume wawili, na katikati yao mwalimu mstaafu, mama mnene mwenye kitenge na miwani iliyofungwa kamba shingoni, ambaye hadi wakati huo hakuwa amesema neno.

Swali la kwanza binti alilimaliza kabla sijaelewa linauliza nini. La pili lilikuwa rahisi hata kwangu. Lilisomwa kwa Kiingereza, na mwamuzi mmoja akalirudia kwa Kiswahili: mkulima ana magunia kadhaa ya viazi, kila gunia lina umbo la silinda, upana huu, kimo hiki, tafuta ujazo wa viazi vyote.

Binti akachora silinda. Halafu akasimama. Nikamwona anaitazama ile picha kama mtu aliyeona nguo imevaliwa nusu. Akaongeza koni juu yake.

Mwamuzi akagonga meza. "Hiyo koni umeitoa wapi?"

"Ni kichwa cha gunia, mwalimu."

"Kichwa gani?"

"Gunia la viazi likijaa linaongezewa juu, linashonewa kamba. Lumbesa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu akapaza sauti kutoka pembeni, "Lumbesa imekatazwa!" na mwingine akamjibu, "Nenda kawaambie wenye Fuso!" Mwamuzi mwenyewe alikuwa anacheka, ila akanyoosha kidole ubaoni.

"Binti, swali limesema silinda. Na hicho kichwa hujapewa kimo chake. Utakitafutaje?"

"Sijapewa, ndiyo maana nimekiita h."

Akageuka, akaanza kuandika. Hapo nilitamani kusimama nimwambie afute. Muda ulikuwa unakwenda, na maswali mawili yalikuwa yanamngoja. Lakini namjua. Amekua akimwona baba yake amesimama pembeni ya Fuso huku wapakiaji wanaongeza viazi juu ya mdomo wa gunia, wanaongeza tena, wanakaza kamba, na mnunuzi anasema hilo ni gunia moja. Kwa mtoto wa pale kwetu gunia lisilo na kichwa ni mchoro ambao haujaisha. Asingeweza kuliacha vile, kama vile mimi nisingeweza kuacha kuuliza kwa nini.

Alipomaliza, jibu lake lilikuwa na h ndani. Yule mama mwenye miwani akasema kwa mara ya kwanza, taratibu:

"Na h ikiwa sifuri?"

"Linabaki jibu lenu, mwalimu." Akafikiri kidogo. "Na mnunuzi anakuwa mtu mwema."

Walicheka tena, wengine wakapiga makofi. Lakini kengele ililia akiwa katikati ya swali la tatu, na la nne hakuligusa.

Waliposoma majina ya wanaokwenda kambini, lake halikuwemo. La mtoto wa yule mama wa sweta lilikuwemo, na mama yake alinishika mkono kabla hajaenda kumkumbatia, kitu ambacho sijakisahau. Binti yetu hakulia. Alikuwa amekwisha kulia Mbeya. Alikaa tu na kalamu yake, anaifungua na kuifunga.

"Yule mwamuzi alikuwa sahihi," akaniambia. "Swali lilisema silinda."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa sahihi."

"Ndiyo."

"Sasa inakuwaje?"

Akaifunga kalamu, akaanza kukusanya vitu vyake. Kwa miaka nimeona watu wakiulizwa jambo moja wakajibu jambo lililo kubwa zaidi, na wakakosa vyote viwili. Sijui hata leo kama nilipaswa kumfundisha kujibu alichoulizwa tu. Najua kwamba siku atakapojifunza hivyo, kile kiazi cha kona hakitamwita tena.

Yule mwalimu mstaafu alitukuta nje tukifunga mabegi. Nikampa shikamoo. Akaipokea, akamgeukia binti.

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekuchapa maneno kwa kula muda wako. Kwanza jibu walichokuuliza. Ukishawapa chao, ndipo uongeze chako." Kisha sauti ikashuka. "Kambi imejaa, mimi siwezi kuongeza mtu. Lakini nyumbani kwangu Nyololo, likizo hii, nafundisha watoto wachache sebuleni. Maswali haya haya. Sina bweni, nina meza tu. Ukipata pa kulala, njoo."

Akaondoka kuwahi gari lake. Binti akanitazama. Sikuhitaji kuelezwa.

Nilimpigia shemeji simu palepale. Nikamwambia hajachukuliwa. Akaguna, akasema pole, akaanza kusema kuhusu palizi. Nikamwambia subiri, nikamsimulia gunia.

"Alikichora? Mbele ya walimu?"

"Ubaoni, shemeji. Na kamba zake."

"Na walichora gunia bila kichwa?"

"Bila."

"Hao viazi wanavionaje, kwenye sahani tu?" Akacheka, halafu akaacha. "Hicho kichwa kinanimaliza kila msimu. Hakuna mtu aliyewahi kukiandika popote." Nikasikia anamwambia dada jambo kwa Kisafwa, na dada anajibu kwa urefu. Kisha akarudi. "Huyo mwalimu anafundisha likizo nzima?"

"Nzima."

"Atalala wapi?"

Swali lilikuwa la mtoto, lakini lilinipata mimi. Begi langu lilikuwa miguuni, na Iringa ile ilikuwa na njia za kwenda Dodoma, Morogoro, popote nilipotaka. Miguu iliwasha kama kawaida yake.

"Kwangu," nikasema.

"Kwako wapi?" Na dada kwa nyuma: "Ana kwake huyo?"

"Nitakuwa napo jioni."

Akacheka sana. Alipomaliza akasema, "Basi akae. Viazi nitavitoa na mama yake. Lakini akirudi anipimie hicho kichwa, nijue ni kikubwa kiasi gani."

Basi lilitushusha Nyololo jua likiwa bado juu ya miti. Nilikuwa sijawahi kushuka pale. Nimepapita mara nyingi nikiwa nakwenda mahali pengine. Barabara kuu katikati, maduka pande mbili, harufu ya mbao mbichi, watu wamevaa makoti. Tuliuliza nyumba ya mwalimu tukaonyeshwa, na hatua chache kabla ya kuifikia kulikuwa na ua wenye vyumba vya kupanga vimejipanga mstari, kamba ya nguo mbele. Mama mwenye nyumba alikuwa anapepeta maharage. Alituangalia, akayaangalia mabegi.

"Karibuni. Mnataka cha kulala leo, au cha mwezi?"

Katika maisha yangu ya kuzunguka nimeulizwa swali hilo pengi, na jibu langu lilikuwa limezoea kutoka lenyewe. Safari hii lilikwama. Binti alikuwa amekwisha kuchungulia chumbani, akawa anapima kwa hatua upande wa dirisha.

"Mamdogo," akaita kutoka ndani, "meza inaingia."

"Cha mwezi," nikasema.

Mama akaweka ungo chini, akaenda kuleta ufunguo.