Masanduku Sita ya Fundi Cephas

Macho ya Cephas hayakuzimika siku moja. Kwanza alianza kugonga bega kwenye miimo ya milango aliyoizoea. Kisha, mwaka wa 1992, akiwa ameinama juu ya injini ya boti pale gatini Homa Bay, aliona ukungu umeingia kati yake na nati aliyokuwa akiifungua. Akafuta macho kwa kiwiko. Ukungu haukutoka. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba amechelewa kuja. Kufikia Krismasi ya mwaka uliofuata alikuwa akijua kumekucha kwa joto la jua usoni tu.

Akarudi nyumbani kwake Rangwe. Spana na bisibisi aliwagawia mafundi wenzake, maana hakutaka ziote kutu kwa ajili yake. Lakini masanduku ya kuwekea vifaa alikataa kuyaacha.

Yalikuwa sita, ya mbao za mvule, kazi ya mikono yake mwenyewe. Yote yalilingana upana na urefu, na kila moja lilikaa juu ya mwenzake kama sufuria juu ya sufuria. Ubavuni alikuwa ameyatia kulabu za waya mnene, za kushikanisha la juu na la chini, ili boti ikiyumba njiani kwenda kisiwa cha Mfangano vifaa visimwagike majini. La juu kabisa lilifunikwa kwa ubao. Wavuvi wa Mfangano walikuwa wakiuona mnara ule umesimama kwenye boti, wanajua fundi amefika.

Sasa mnara ulisimama mtupu pembeni mwa sebule, na Cephas alikaa kando yake mchana kutwa. Alikuwa akipitisha vidole kwenye kingo, akifungua kulabu na kuzifunga. Kila sanduku lilikuwa na harufu yake. La tatu lilinuka grisi, la tano petroli, la chini kabisa lilikuwa bado na harufu ya ziwa. Akilinusa hilo, aliliona ziwa lote: maji ya asubuhi yasiyo na mkunjo, kisiwa kikielea kwa mbali kama kitu kilichosahauliwa na mtu. Hapo ukimsemesha hakusikii.

Mkewe, Dorine, alivumilia miezi mitatu. Alikuwa mwanamke wa kazi, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya shamba.

"Baba Liz," alisema siku moja, "kuku wangu ametaga kwenye jiko. Kesho tutakula majivu."

"Mtafutie kikapu."

"Kikapu kimetoboka. Nimeona sanduku."

Cephas aligeuza sikio. Alisikia kulabu zikifunguka, moja kushoto, moja kulia, na sanduku la juu likinyanyuliwa. Akahisi kama mtu amemvua kofia bila kumwomba. Lakini baada ya wiki tatu Dorine alimletea kitu mkononi, kitu chepesi chenye joto, kinachodundadunda. Kilikuwa kifaranga. "Kumi na kimoja," Dorine akasema, "na hakuna hata yai moja lililovunjika. Lile sanduku halipitishi panya."

Basi likaenda la pili. Hilo Dorine alilijaza udongo na samadi, akapanda mbegu za sukuma wiki. Mvua ilipozidi alilibeba barazani, jua lilipotoka akalirudisha uani. Jirani walicheka, wakasema Mama Liz anatembeza shamba lake kama mtoto mgonjwa. La tatu binti yao Liz, aliyekuwa darasa la saba, alilisimamisha kwa ubavu likawa meza yake, vitabu ndani, taa juu. La nne likawa la unga, na Dorine akaapa kwamba harufu ya mafuta ya injini ndiyo iliyofukuza dudu. Ugali nao ulikuwa na ladha ya mafuta hayo kwa muda, ingawa hakuna aliyethubutu kusema.

Cephas alianza kutembea akiyafuata masanduku yake. Alikuwa anajua moja liko jikoni, moja uani, moja chumbani kwa Liz, na kwa kuyapapasa aliijua upya nyumba yake. Ilikuwa kama kusafiri kisiwa hadi kisiwa. Bila mtu kumfundisha, akawa anakwenda hadi zizini peke yake na kurudi bila fimbo.

Mawili ya mwisho yalitolewa sebuleni yakawekwa barazani, moja juu ya jingine, ubao juu, na hakuna aliyeyahitaji.

Mwezi wa sita mwaka wa 1995, mahindi yakitoa maua, Cephas alikuwa amejinyoosha barazani baada ya chakula cha mchana. Alikuwa katika ule usingizi mwepesi ambao mtu hajui kama ameulala au ameuwaza. Akasikia boti inakuja. Ilikuwa mbali sana, injini yake ikinguruma taratibu. Akajiambia, hiyo imetengenezwa vizuri, haina kikohozi. Ikasogea. Ikajaa hewani juu ya paa, pande zote, na upepo mdogo wa mabawa ukampiga shavuni. Ndipo alipojua hajalala.

Dorine alipiga kelele kutoka jikoni. "Nyuki! Baba Liz, usitikisike! Naleta moto!"

"Lete moto uone," Cephas alisema polepole, bila kuinua kichwa. "Waache wapite."

Hawakupita. Kwenye sanduku la juu kulikuwa na tundu mahali fundo la mbao lilipochomoka zamani, na nyuki wakaanza kuingia humo. Walikuwa wakiingia kama maji yanavyoingia shimoni, hadi mngurumo wote ukawa ndani ya mbao, umetulia. Cephas alinyoosha mkono, akaweka kiganja ubavuni mwa sanduku. Lilikuwa linatetemeka, na lilikuwa na joto. Akakaa hivyo hadi jua lilipohama uso wake.

Kwa wiki kadhaa Dorine alipitia mlango wa nyuma. Alitaka wachomwe. Cephas, ambaye kwa miaka miwili hakuwa amebishana na mtu kwa lolote, alikataa katakata.

"Nimetoa manne," alisema. "Haya mawili ni yangu na wageni wangu."

Siku ya soko alimwomba Liz amshike mkono hadi sokoni Rangwe, amtafutie Mwikwabe. Huyu alikuwa Mkuria mrefu wa Kegonga, aliyekuja kila mwezi na madebe ya asali. Yeye hakujua Kijaluo wala Cephas hakujua Kikuria, hivyo walizungumza Kiswahili.

"Hawa nyuki wamejaa hapo ndani, ama bado?" Mwikwabe aliuliza.

"Wakati wa kuja walikuwa wanasikika juu, kwa ubao. Sasa nasikia hadi chini. Na sauti imekuwa nzito."

Mwikwabe aliweka debe chini. "Wewe umesikia hiyo kwa masikio tu?"

"Miaka ishirini nimesikiliza injini, ndugu yangu. Injini hukuambia ugonjwa wake kabla hujaifungua."

"Basi wanataka nafasi. Usipowapa, wataenda. Tutang'oa sakafu ya hiyo sanduku ya juu, ishikane na ya chini. Nyuki anajenga akishuka. Halafu ile ya juu itabaki ya asali, na watoto wao watakuwa chini. Ukitaka kula, unachukua ya juu, unaongeza ingine chini. Lakini huyo atang'oa misumari bila kutikisa, huyo ni nani? Mimi mkono yangu ni ya nguvu."

"Misumari niliipigilia mimi," Cephas akasema.

Walifanya kazi hiyo alfajiri yenye baridi, wakati nyuki wamejikunyata. Mwikwabe alichoma samadi kavu ya ng'ombe, akapuliza moshi kwenye tundu. Kisha akafungua kulabu za sanduku la juu, akaliinua na kulishika hewani, mikono imenyooka. Dorine alitazama kupitia ufa wa dirisha. Cephas alipiga magoti chini yake na koleo dogo. Alipapasa sakafu ya sanduku hadi akakipata kichwa cha msumari wa kwanza, akauzungusha kidogo kidogo, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Ukatoka bila sauti. Wa pili, wa tatu. Nyuki walitembea juu ya vidole vyake, na miguu yao ilikuwa mingi na myepesi, kama mvua isiyolowesha. Alisahau mahali alipo. Baadaye alisema wakati ule aliona, ingawa hakuweza kueleza aliona nini: kitu cha rangi ya udongo wa mto, kinachozunguka.

Misumari ilikuwa minane. Ubao wa sakafu ulipoanguka mapajani mwake, Mwikwabe alilishusha sanduku juu ya lile tupu, polepole, na Cephas akafunga kulabu. Alidungwa mara tatu, Mwikwabe mara kumi na tisa.

"Wananipenda kidogo," Mwikwabe alisema huku akijikuna shingo.

Mwaka ulipokaribia kwisha walilitoa sanduku la juu limejaa masega, zito kama mtoto wa miaka sita. Ndipo Cephas alipomwambia mkewe anahitaji sanduku jingine la kuongeza chini.

"Lipi?" Dorine aliuliza.

"La kuku."

"Na kuku walale wapi? Kitandani kwako?"

Walibishana siku mbili. Mwisho Dorine alimtupia mbao za mlango wa zamani na kumwambia atengeneze jipya kama yeye ni fundi kweli. Hakuwa amekusudia. Alitaka tu aache kumsumbua. Lakini asubuhi alisikia msumeno. Cephas alikuwa amekaa barazani na sanduku la unga mbele yake kama kipimo, anapima urefu kwa shibiri, anakata, anapapasa, anakata tena. Lile la kwanza lilitoka limepinda, halikukubali kukaa juu ya lolote, na Dorine aliligeuza likawa kiti cha kukamulia ng'ombe. La pili lilikaa sawa. Cephas alilizungushazungusha mikononi muda mrefu kabla ya kulitia kulabu.

Mwisho wa 1997 ikaja ile mvua ya El Niño ambayo kila mtu anaikumbuka. Ilinyesha kana kwamba hakuna siku nyingine ya kunyesha. Wakati huo mzinga ulikuwa umehamishiwa mwisho wa ua, karibu na uzio wa minyonyo, masanduku matatu yameshikana. Alasiri moja maji yalivunja ukingo wa mtaro wa barabarani, yakaingia uani yakiwa mekundu. Cephas aliyasikia, akatoka mbio na kuanguka. Njia zote alizozijua zilikuwa zimegeuka mto.

"Kaa hapo!" Dorine alimwambia. "Kaa, nimesema!"

Alijifunga leso kichwani na usoni, akaingia majini hadi magotini. Kwa miaka miwili na nusu hakuwa ameugusa mzinga ule hata mara moja. Aliukumbatia wote kwa pamoja, akaung'oa kwenye mawe. Kulabu zilishika. Alitembea nao kuelekea nyumbani, kidevu kimeegemea ubao wa juu. Akashangaa, maana kupitia mbao aliwasikia kifuani mwake, maelfu, wakinong'ona bila hasira, kama watu waliomo kanisani kabla ibada haijaanza. Hakuna aliyetoka kumdunga. Aliutua barazani, akaketi kando yake, asiukimbie.

"Kumbe ni hivi," alisema.

"Ni hivyo," Cephas akajibu.

Miaka iliyofuata watu wa Rangwe walizoea kuwaona wawili hao uani alfajiri, mmoja akipuliza moshi, mwingine akifungua kulabu. Mizinga ilifika tisa, yote ya masanduku ya Cephas. Mwikwabe naye alibeba sita hadi Kegonga, na kila alipokuja alileta habari za nyuki wake kama anavyoleta mtu habari za wajukuu.

Siku moja baada ya mavuno Dorine alikuwa akichuja asali kwa kitambaa, Cephas amekaa karibu akisikiliza inavyodondoka kwenye sufuria.

"Mara hii ina rangi gani?" aliuliza.

Dorine aliinua sufuria kwenye mwanga wa mlango, akaipindisha huku na huku.

"Kama chai ya rangi."

"Chai ya rangi ya kwako, au ya kwa mama yako?"

"Ya kwa mama."

"Basi ni nyepesi sana," Cephas alisema, akafumba macho yake yasiyoona ili aione vizuri.