Siku Alizonipa Mama Mkwe

Mimba yangu ya pili niliificha miezi minne kwa leso mbili na sweta kuukuu ya mume wangu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kuchambua pamba huko Makueni. Wakulima walikuwa wamechoka kuleta pamba na kurudi nyumbani mikono mitupu, wengi wameing'oa wakapanda mahindi, na kila mtu kiwandani alijua kwamba orodha ya kupunguza watu inaandikwa. Tulijua pia wataanza na nani. Mwanamke mwenye tumbo angeomba likizo ya uzazi, na nani angempa likizo wakati mashine zimelala? Kwa hiyo kila asubuhi nilijifunga kwa nguvu, nikasimama kwenye mizani tangu saa mbili hadi saa kumi, na mtu akiniuliza mbona nanenepa, nilimjibu kwamba mume wangu ananilisha vizuri.

Nilijifunga bure. Siku orodha ilipobandikwa tulikuwamo sote, wenye matumbo na wasio na matumbo. Lango likafungwa kwa mnyororo, na mlinzi niliyekuwa nikimgawia chai yangu kila siku akaniambia nisimame mbali kidogo na lango.

Mshahara uliniuma, lakini kadi ndiyo iliyoninyima usingizi. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi ya bima ya hospitali, na kila mwezi kiwanda kilikata kitu kwenye mshahara na kubandika stempu kwenye kadi hiyo. Mtoto wangu wa kwanza, mvulana, nilipasuliwa ndipo akatoka, na ile kadi ndiyo iliyonilaza kitandani na kunirudisha nyumbani nikiwa hai. Daktari alinionya nilipokuwa natoka: "Mama, ukipata mimba nyingine usijaribu kuzalia nyumbani. Hicho kidonda kikipasuka hutafika barabarani." Maneno hayo nilikuwa nayo rohoni kila nilipokaza leso.

Kadi nilipewa siku ya kufukuzwa, ndani ya bahasha ya kaki. Nilipoifungua nilikuta mraba mtupu baada ya mraba mtupu. Walikuwa wamekata kwenye mshahara wetu, lakini stempu hawakubandika. Nilikaa chini palepale kando ya barabara nikalia kwa hasira, na sioni aibu kulisema.

Nilienda Machakos, kwenye ofisi ya bima. Karani alikuwa kijana mpole, aliigeuza kadi yangu mara mbili akasema hii imekufa, mama, mwajiri wako aje ajibu. Nikamwambia mwajiri wangu sasa ni mnyororo na kufuli. Akanielekeza kwa kampuni moja ya watu binafsi, ghorofani, ng'ambo ya barabara. Huko mwanamke mwenye miwani aliniuliza kama nina mimba. Nilikuwa nimechoka kudanganya, nikasema ndiyo. Akafunga faili lake. Mimba iliyokwisha kuingia hawakuikatia bima, na hata kama nisingekuwa na mimba ningengoja karibu mwaka.

"Na huyu nimweke wapi angoje?" nikamwuliza.

Akacheka kidogo, halafu akaona kwamba mimi sicheki.

Nyumbani kwetu ni upande wa Matiliku, kwenye mteremko wa mawe ambako hata mbuzi huchagua pa kukanyaga. Mume wangu alikuwa Mwingi, kibarua wa kupakia mifugo kwenye malori, na alikuja mwisho wa mwezi akipata nauli. Mimi na mvulana wangu tulikaa na mama yake, mjane wa miaka kama sitini, mkavu, mwepesi wa miguu na mchache wa maneno. Nilimwita mwaitu, yaani mama yetu, kama anavyoitwa kila mama Ukambani. Yeye hakuniuliza lolote niliporudi kutoka Machakos. Aliniwekea isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa, akaningoja nile.

Nilipomaliza akasema, "Sasa hiyo leso ifungue. Mtoto anakosa pumzi."

Kumbe alijua tangu mwanzo. Aliniitia mkunga wa kijiji, bibi aliyezalisha nusu ya watu wa mteremko ule. Mkunga akanipapasa, akafika kwenye kovu, akaondoa mkono haraka. "Mficha uchi hazai," akanikemea. "Ungesema mapema tungepanga mapema. Tumbo la kisu mimi sishiki. Huyu ni wa hospitali."

Hospitali ya misheni ndiyo iliyokuwa na chumba cha kupasulia, mwendo wa saa mbili kwa gari, ukilipata gari. Walitaka amana kabla ya kulazwa, na watu wawili wa kutoa damu. Mimi sikuwa na gari, wala amana, wala watu.

Watu walikuwa kwenye mwethya. Kikundi chetu cha mwethya kilikuwa cha wanawake wapatao thelathini, wengi wao wa kanisa letu, na kila Jumanne walichimba shamba la mmoja wao kwa zamu. Walichimba mitaro ya fanya juu: unakata mtaro kukingama kilima, na mchanga unaurusha upande wa juu, mpaka udongo unaacha kukimbia na mvua. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Lakini mwanachama akiugua, mwethya ilimtafutia gari, ikaweka amana, ikatoa watu wa damu. Akifa, ilimzika. Bima yetu ilikuwa hiyo, na stempu yake ilikuwa siku ya kuchimba. Mwenyekiti, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza sala, hakuandika popote. Siku za kila mtu alikuwa nazo kichwani, na hakuna aliyewahi kumkosoa.

Mwaitu alikuwa mwanachama, mimi sikuwa. Nilipokuwa na kazi nilijiona mtu wa ofisi. Jumanne ya shamba letu nilituma sukari na majani ya chai, nikapita na sketi yangu iliyopigwa pasi nikiwapungia mkono. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nami nilishiba vizuri.

Mwaitu akanipeleka Jumanne. Wanawake waliacha majembe wakaketi juu ya mchanga mpya. Mwenyekiti akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mama wa mizani. Leo umekuja bila sukari?"

Walicheka, nami nilistahili. Nikasema ninaomba kuingia mwethya.

"Hiyo tumbo iko na miezi ngapi?"

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Ningesema kweli. Lakini nilikuwa nimezoea kuficha, na macho ya wanawake thelathini yalikuwa juu yangu. Nikasema, "Mitatu."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Wote pale walikuwa wamezaa, wengine mara nane.

"Sikiliza," mwenyekiti akasema, na sasa hakuwa akitania. "Sisi hatuna mizani, lakini mzigo tunajua kupima na macho. Hiyo ni sita ama inaelekea. Umekuja kwetu na uongo, na hujawahi kushika jembe yetu. Sheria ni yako na ni ya kila mtu: mzigo yenye unaingia nayo, utaitua mwenyewe. Mwenye hana siku, hana."

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo ghorofani Machakos. Nikamshika mwaitu bega.

Yeye akasimama. Hakuwahi kuzungumza kwenye mikutano, hata kanisani alishuhudia mara moja kwa mwaka. "Mimi niko na siku?" akauliza.

"Wewe?" mwenyekiti akasema. "Wewe uko na siku kushinda sisi wote. Kutoka wakati mzee wako alikuwa hai."

"Mpe huyu."

"Ngapi?"

"Zote."

Wanawake wakaanza kunong'ona. Siku za mwanamke mzee haziguswi. Ndizo zitakazompeleka hospitali akianguka, ndizo zitakazombeba akiondoka. Mwenyekiti akamwuliza mara ya pili, akamwuliza mara ya tatu kama mchungaji anavyouliza kwenye harusi, na kila mara mwaitu akajibu neno lilelile. Basi wakakubali. Mimi nikapata bima, naye akabaki bila siku hata moja.

Njiani nilimwambia sitaki, turudi tukakatae. Akasema, "Nitachimba zingine."

Na alichimba. Kila Jumanne alitoka alfajiri na jembe lake, mpini umelainika mpaka unang'aa, na jioni akarudi mweupe kwa vumbi. Mimi alinikataza hata kuinua mtungi. Nilikaa mlangoni nikichambua mbaazi, nikimwona mwanamke wa miaka sitini akiteremka kilima kwa ajili yangu, na niliacha iwe. Nimejaribu miaka mingi kujipa udhuru. Nilikuwa mzito, nilikuwa naogopa, daktari alisema. Yote ni kweli, lakini nilimwacha achimbe.

Mwezi wa nane wa mimba alirudi akichechemea. Nikamwuliza. Akasema amejikwaa jiweni. Kesho yake niliona amefunga leso kiunoni na kuiteremsha hadi chini, ikafagia ardhi, naye hakuwa mtu wa kuvaa hivyo nyumbani. Nilifikiri ni baridi ya Julai. Mimi niliyejifunga leso miezi minne nisionekane, nilishindwa kuitambua leso ya mwenzangu.

Siku ya saba au ya nane alishindwa kutafuna. Akasema ni jino. Jioni mgongo ukaanza kukakamaa, na nilipomfunua mguu nikaona: jembe lilikuwa limemkata juu ya vidole, naye alikuwa ameziba kidonda kwa majivu na kitambaa. Nikapiga yowe. Majirani wakaja, mmoja akakimbia hadi kwa mwenyekiti.

Nilidhani tutaulizwa siku. Nilijiandaa kupiga magoti na kusema chukueni zangu. Mwenyekiti alifika na pikapu ya mwenye duka, viatu hana, kitambaa cha kichwa hana, na hakuuliza chochote. Wanawake wanne walimwinua mwaitu wakamweka kwenye godoro. Nesi wa zamu alimtazama mara moja tu akajua ni pepopunda. Akasema mngemleta siku ile ya kwanza, sindano tu ingetosha. Mwaitu alikaa siku tatu kwenye chumba chenye giza ili mwanga usimshtue, akafa kabla mume wangu hajafika kutoka Mwingi.

Mwenyekiti alilia kwenye korido mpaka nikaogopa. "Kwa nini hakusema?" akaniuliza. "Nani alimwambia tungemkataa?"

Sote wawili tulikuwepo Jumanne ile, na sote wawili tulimsikia aliyesema mwenye hana siku, hana. Mwaitu alijua kwamba siku zake za zamani zilikuwa zangu na mpya zilikuwa chache, akaogopa kuziomba.

Kwenye mazishi mhubiri alisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilitamani kumtupia kiatu. Mwethya yote ilikuja na majembe, wanawake na wanaume wao, na kaburi lilichimbwa upesi.

Wiki tatu baadaye uchungu ulinishika. Gari lilikuwa mlangoni kabla sijamaliza kuvaa. Amana ililipwa, na waliotoa damu walikuwa mwenyekiti mwenyewe na yule aliyeguna nyuma. Waliingia wodini na udongo miguuni, maana ilikuwa Jumanne na walikuwa wametoka shambani. Daktari alisema kovu lilikuwa limeanza kuachia, na kwamba saa moja zaidi ingetosha kutumaliza wawili. Mtoto alikuwa msichana. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na hilo halikuhitaji mjadala. Mume wangu alimpokea mikononi, akamwita mwaitu, akageukia ukutani.

Mtoto alipofikisha miezi mitano nilimfunga mgongoni, nikachukua lile jembe la mpini uliolainika, nikateremka Jumanne. Mwenyekiti akaja karibu.

"Unakuja kuchimba siku zako?"

"Za mwaitu."

"Mtu amekufa hana siku, mama."

"Nionyeshe alipofika."

Akatangulia. Kwenye mteremko wa juu palikuwa na mtaro ambao haukuguswa tangu Julai. Kingo zake zilikuwa zimekatwa wima, mchanga umerushwa juu vizuri kama alivyofanya kila kitu, halafu ghafla umekoma. Mbele yake zilibaki hatua kama sita za ardhi ngumu hadi kwenye kigingi cha mwisho wa sehemu yake. Hakuna aliyetaka kuzimaliza.

Nilimpa mwenyekiti mtoto anishikie. Kidonda changu kilikuwa bado kinauma nikiinama, na nilichimba polepole. Wengine waliporudi nyumbani nilikuwa nimefika hatua ya nne.