Maître Alisema Salongo, Mimi Nikaandika Usafi

Kosa ni langu. Naanza hapo kwa sababu kila mtu ananitafutia kisingizio: ulikuwa na mimba, ulikuwa mgeni, uliambiwa. Sitaki. Nilijua ninachofanya.

Mimi nasafisha nyumba za watu hapa Brussels. Kwa miaka miwili nilikwenda mara tatu kwa wiki Saint-Gilles, kwa mzee mmoja tuliyemwita Maître, kama wanavyoitwa mawakili. Kule kwetu Katanga alikuwa avoka, yaani wakili, na wakati wa vita akawa mwanasiasa mkubwa wa mji wetu. Karatasi zangu za ukaazi zilipokwama komini, ofisi ya manispaa, yeye ndiye aliyeniambia niandike nini, na zikapita. Nilimheshimu kama baba.

Mikono yake ilikuwa inatetemeka na macho hayasomi tena. Aliposikia nimemaliza sekondari akasema, "Bon. Weka ufagio chini, kamata bic." Alitaka kitabu cha maisha yake. Yeye anasema, mimi naandika kwenye daftari, halafu nyumbani napiga chapa.

Tukafika miaka ya vita. Siku hiyo alisukuma chai yake pembeni.

"Andika," akasema. "Kwa mkutano nilipanda juu ya gari, nikaambia vijana: samedi iko salongo. Kila mutu anajua uchafu iko wapi."

Aliyekulia kwetu anajua salongo. Ni kazi ya pamoja ya samedi, Jumamosi, kila mtu na jembe lake, mnafyeka majani na kuzibua mifereji. Nilifikiri anaongelea hiyo. Nikamuuliza, "Maître, mulisafisha wapi?"

Akacheka bila furaha. "Mama, ule samedi hakuna mutu alifyeka majani. Walienda kwa nyumba za watu wa mukoa ingine, na majembe yao. Mimi ni avoka. Sikusema waue. Nilitafuta neno yenye hakuna tribunal itanifunga nayo, nikaipata. Andika vile nasema."

Nikaandika, kwa mkono wangu huu.

Kabla sijapiga chapa nilimsomea binti yake, Ya Clarisse (Ya ni dada mkubwa kwetu), kwenye simu. Akasema, "Chérie, papa amezeeka, anachanganya. Watoto wangu watasoma hii kitabu. Wewe uko na akili. Panga kidogo."

Basi nikavimba kichwa. Mimi wa kusugua vyoo naombwa kupanga kitabu cha mtu mkubwa. Nikapiga chapa hivi: "Niliwaomba vijana wafanye usafi wa mitaa yao kwa amani." Nikaisoma mara mbili, nikaipenda. Daftari nikalitia kwenye mfuko wa taka za jikoni, na gari likapita.

Maître hakujua. Alikufa baada ya miezi miwili akiamini ameshasema.

Sasa mjue nilikuwa naishi na nani. Mama mkwe wangu alikaa kwetu Molenbeek, na binti yangu alipozaliwa, ndiye aliyemlea nikiwa kazini. Nilijua mume wake na mtoto wake wa kwanza walikufa vitani. Walikufaje, sikuwahi kuuliza. Nyumbani kwetu mambo ya vita hayaulizwi.

Kitabu kilipotoka, Ya Clarisse alikodi ukumbi, Jumapili baada ya misa. Nilimchukua mama mkwe, ambaye kwangu alisikia "Maître" tu, bila jina lake, kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye ukurasa wa shukrani. Nilitaka alione. Msomaji akasimama, akasoma mistari ya vita, na ule wangu akausoma kwa sauti nzuri.

Mama mkwe akainuka. "Usafi gani?"

"Maman, keti," Ya Clarisse akasema. "Leo iko siku ya papa."

"Nilikuwa pale, nilimusikia na masikio yangu. Alisema salongo. Uchafu tulikuwa sisi. Bwana yangu na mutoto yangu waliwaua na majembe, huyu mwingine nikakimbia naye kwa mugongo." Alikuwa anamnyooshea kidole mume wangu, aliyekuja nasi.

Mwanaume mmoja nyuma akasema, "Maman, mpaka leo unaogopa ufagio?" Watu wakacheka. Walicheka kweli, na sahani za sambusa mikononi.

Mama mkwe akanigeukia. "Wewe ulimuandikia. Alisema nini?"

Ukumbi mzima ukaniangalia. Nikasema, "Alisema vile imeandikwa, mama."

Akaketi. 

Nilikaa na uongo huo siku nne. Siku ya tano nikamwambia kila kitu jikoni, mume wangu akisikia. Mama mkwe hakunitukana. Alimtoa mtoto kifuani kwake, akanipa. "Kamata mutoto wako." Jioni ile ile alipanda treni kwenda Liège kwa binti wa dada yake. Mume wangu bado tuko naye, lakini ananisalimia kama jirani wa kwenye ngazi.

Familia za waliouawa zinakusanya ushahidi. Nikaenda, nikaeleza, nikatia sahihi. Wakaniuliza, "Daftari liko wapi?" Miaka yote hiyo yule mzee alikubali kosa lake mara moja tu, mbele yangu, nami daftari nikalitupa na maganda ya mayai. Nilichobaki nacho ni mdomo wangu, na kitabu kinanipinga kwa jina langu mwenyewe. Nilimfuata Ya Clarisse aseme ukweli. Akanijibu, "Chérie, wewe ndiye ulipiga chapa." Nilitamani kumpiga kofi. Lakini hakusema uongo.

Ninyi mnaowaandikia wazee, mnaowatafsiria ofisini, mnaowajazia fomu: andikeni walichosema, hata kama kinanuka. Mtoto wa mzee akitaka kipangwe, mpe kalamu apange mwenyewe, na jina aweke lake. Usijidanganye kwamba unamheshimu mzee. Kuna mtu mwingine anayelisubiri neno hilo, na huenda analala chumba cha pili.

Wiki iliyopita huko Liège familia hizo zilitafuta mtu wa kuandika ushahidi wa mama mkwe, maana yeye hajui kuandika. Mume wangu akampigia mama yake, akamwambia mimi niko tayari, nitakuja na mtoto. Nilikuwa nimesimama pale, simu iko wazi, namsikia mama mkwe.

"Mutu yeyote," akasema. "Hata muzungu asiyesikia Kiswahili. Yeye hapana."